Perege Kwenye Karo la Mama

Jumatatu, 4 Novemba
Shule nimemaliza. Leo nimefundisha! Nimewaambia wanawake wafumaji wa hapa kijijini wasitupe mabaki ya nyuzi ziwani. Yashindiliwe kwenye beseni, giligilani ipandwe humo, maji ya samaki wa kufugwa yainyweshe. Yawe meupe tu, yasiyotiwa rangi. Niliyasema yote nikitazama viatu vyangu. Jirani Nicolasa akauliza kama viatu vimeelewa. Kicheko!

Mama amenipa karo lake la kufulia nifugie perege wa mfano, beseni likae juu yake. Perege wakifika sikukuu ya Santa Catarina, tarehe 25, wakiwa hai, nitaendelea kufundisha. Wakifa, naenda kusaga mahindi kwa Shangazi Petronila. Mungu wangu, kile kinu cha mashine!

Alhamisi, 7 Novemba
Perege wanakula. Giligilani imesimama wima. Mama anafulia ziwani, anarudi ameshika kiuno. Afadhali angegomba.

Jumapili, 10 Novemba
Baada ya misa wamekuja kutazama. Nicolasa akainama, akasema jamani, samaki wazuri hawa, wanono kama watoto wa padri! Kisha akaondoka bila kuwagusa. Bila kuwagusa! Hata mtoto mchanga ukimsifu lazima umguse, usimwachie jicho baya. Nilitaka kumwita arudi. Nikaishia kutazama viatu vyangu.

Jumatatu, 11 Novemba
Sikulala. Mtoto hufungwa uzi mwekundu mkononi, jicho lisimpate. Perege hana mkono. Nimetumbukiza kitita kizima cha nyuzi nyekundu za Mama, mpya kabisa. Maji yamekuwa mekundu kama divai ya misa. Kinga imeenea kila pembe. Moyo umetulia.

Jumanne, 12 Novemba
Wote matumbo juu.

Mama hakugomba. Amewatoa mmoja mmoja, akasugua karo, akaanza kufua. Shati jeupe la Baba limetoka la waridi. Nicolasa alikuja, akalia machozi ya kweli. Kumbe juzi alitaka kuniomba wawili wa kuanzia, akaona haya kusema.

Ijumaa, 15 Novemba
Kinuni. Unga mbichi wa mahindi umenigandia hadi kwenye nyusi. Shangazi anapaza sauti kuishinda mashine, na anaishinda. Kwenye foleni wanawake wameniuliza nilikosea wapi. Kwa mara ya kwanza nimewatazama usoni. Nimewaeleza vizuri, taratibu: uzi mwekundu niliuchelewesha. Utangulie majini siku tatu kabla ya samaki, na uwe mwingi.

Wameafiki wote. Nicolasa ameacha ndoo yake kwenye foleni, amekimbilia sokoni kununua uzi.