Haroub Apaka Kompyuta Liwa

Redio ya muuza kahawa, Safari, ilitangaza kwamba shirika moja huko Unguja limepata mkurugenzi mpya. Basi pale juu ya bandari ya Mkoani, Pemba, kwenye benchi lililo mbele ya duka la Haroub, vikombe vikabaki hewani.

"Wamebadilisha kichwa, kiwiliwili kile kile," alisema Mmanga. "Haendi popote huyo."

Mmanga wakimwita Katiba, kwa sababu hakukuwa na jambo, hata la kugawana kashata, asilolitafutia kifungu. Ndiye mwenyekiti wa barza, kikao chao cha kahawa pale benchini. Kuchaguliwa hakuchaguliwa, alikaa ncha ya benchi penye kivuli, na hakutokea wa kumwondoa.

"Na mie nasema anakwenda," alisema Haroub.

Wote wakamgeukia. Haroub, jina lake la barzani Mapicha, hakuwa msemaji. Kazi yake ilikuwa picha za pasipoti, kopi na kuchapa barua za watu. Siasa aliwaachia wenye nafasi.

"Kichwa kikiwa kizima, kiwiliwili hufuata. Tazameni." Akafunua kiganja. Palikuwa na kidude bapa cha mraba, kinang'aa, kidogo kuliko kipande cha halua.

"Yakhe, nini hicho?" aliuliza Safari.

"Prosesa. Ubongo wa kompyuta. Mpwa wangu kaniletea kutoka Dar, imeteremka na boti asubuhi hii. Naitoa ile kongwe, naitia hii, boksi libaki lile lile."

Hakuna aliyecheka, maana kompyuta ya Haroub ilijulikana mji mzima. Ilikuja imeshatumika Ulaya mpaka Ulaya ikaichoka. Ukibonyeza herufi, unakwenda kutia udhu, ukirudi ndiyo kwanza inatokea. Na wiki ile ndani yake mlikuwa na mitihani yote ya skuli.

"Mwalimu mkuu anaitaka Jumamosi," alisema Pandu. "Kasema ikichelewa tena, kazi zote za skuli zinahamia maduka ya Chake."

Pandu ni mwalimu wa sayansi na ndiye mshika ufunguo wa chumba cha kompyuta cha skuli. Barzani anaitwa Utafiti. Kila kauli yake imetafitiwa, wapi na nani hasemi. Bila kazi za skuli Haroub hana duka, na bila duka hajui afanye nini duniani.

"Ndiyo maana nataka nimpelekee Azzam anitilie," alisema.

Safari aliacha kugonganisha vikombe.

Azzam alikuwa fundi pekee pale mjini, na Azzam alikuwa wa wale, wa chama kingine. Tangu uchaguzi kufutwa na kurudiwa, barza ilikuwa imeshakata shauri: kwa wale hatununui, hatuuzi, harusini kwao hatuendi, na maiti wao tunamzika, lakini pilau lao hatuli. Hilo la pilau lilipita kwa taabu kubwa.

"Azzam?" aliuliza Mmanga taratibu. "Uwape wale ubongo wako kwa mkono wako?"

"Wa kompyuta, Bwana Mmanga."

"Wanaanza na wa kompyuta."

"Kwani kuna kazi gani?" aliingia Pandu. "Utafiti unaonesha ni kufungua, kutoa, kutia, kufunga. Tunatia wenyewe. Pana video kwenye simu yangu."

Wakalitoa boksi, wakaliweka juu ya benchi, wakalifungua. Vumbi lililotoka lilimfanya Safari afunike mabirika. Pandu alitazama video, Haroub akafungua skrubu, Mmanga akasimamia utaratibu. Ubongo mkongwe ukatoka, mpya ukakaa, tena ukakaa vizuri. Haroub akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Ngoja," alisema Pandu, uso ndani ya simu. "Hapa jamaa anapaka kitu juu yake kabla ya kurudisha feni. Uji mzito, mweupe."

"Uji wa nini?"

"Anasema ni wa kupoza. Bila huo inaungua."

"Sikuletewa uji mie," alisema Haroub, tabasamu limeshaondoka.

"Huo lazima anao Azzam," alisema Safari, akatazamwa na wote, akarudi kwenye mabirika yake.

Pandu alifikiri sana. "Mtoto wako akitoka vipele vya joto, mama yake humpaka nini?"

"Liwa ya msandali."

"Kwa nini?"

"Inapoza."

"Rangi yake?"

Haroub alikuwa ameshainuka.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka. Mkewe, Bi Ghania, alikuwa akichambua mchele.

"Nisagie liwa, mama."

"Nani anaolewa?"

"Kompyuta."

Ghania alimtazama, akaliendea jiwe la kusagia. Miaka waliyooana ilikuwa imeshamfundisha maswali ya kuacha. "Nikutilie marashi?"

"Usitie."

Akatia. Liwa bila ya marashi, kwa Ghania, ni udongo tu.

Wakaipaka prosesa ile kama mwari, Mmanga akisisitiza na pembeni pasisahauliwe. Feni ikarudishwa, umeme ukatiwa. Skrini ikawaka, na wallahi haikuwaka tu, iliruka! Mitihani ilifunguka kabla Haroub hajaondoa kidole. Barza nzima ikapiga takbir. Safari akamimina kahawa ya bure, jambo ambalo watu bado wanalisimulia.

Kisha ikaja harufu. Nzuri, ya moto moto, marashi na msandali. Duka la Haroub likanuka chumba cha bibi harusi.

"Mashallah," alisema Mmanga.

Skrini ikazima tii. Wakaiwasha, ikazima. Wakaiwasha tena, ikazima upesi zaidi.

"Liwa haijakauka," alisema Pandu. "Ikikauka itashika."

Wakaiacha mpaka kesho yake. Ilipokauka, kompyuta haikuwahi hata kumaliza kuamka.

"Hii ni hujuma," alisema Mmanga, akaenda zake kula.

Haroub alibaki peke yake na boksi lake linalonukia. Ilikuwa Alhamisi. Moyo ulimuuma, na aliona haya kwamba unamuuma kwa ajili ya chuma. Akangoja jua la mchana liwalaze watu, akalifunga boksi kwa shuka, akapita vichochoroni mpaka kwa Azzam. Mlango wa mbele umefungwa.

"Zunguka nyuma," ilisema sauti ndani. "Kuwapokea nyie mbele nimekatazwa na barza yangu."

Haroub akazunguka, akaingia. Kwenye kiti cha wateja alikuwa amekaa Mmanga, kapakata feni yake mbovu ya kusimama.

"Assalamu alaikum," alisema Haroub.

"Waalaikumu ssalamu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

Wakakaa, kila mmoja akautazama ukuta wake.

Azzam alifungua boksi, akainama, akanusa. Akanusa tena. "Nani kakufanyia hivi?"

"Barza," alisema Haroub. Mmanga akakohoa.

"Liwa inampoza mtu kwa ule umajimaji wake, inakauka huku inapoza. Hapa ikishakauka inakuwa ganda. Joto halipiti kwenda kwenye feni, linarudi ndani, na mashine inajizima isife. Ina akili kuliko nyie." Akaikwangua na kuipangusa kwa spiriti, akakamua uji wake kutoka kwenye mrija, tone dogo tu, akarudisha feni, akawasha. Ikawaka, na ikabaki imewaka. Haroub aligeuza uso, maana machozi yalikuwa karibu.

"Mie sikukuona," alisema Azzam.

"Na mie sikuja," alisema Haroub.

Jioni ile ile mlio wa kuchapa ulisikika mpaka bandarini, na Ijumaa asubuhi ulikuwa ukiendelea. Mmanga alikuwa ncha yake ya benchi.

"Mnasikia?" alisema kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "Inachapa! Bila ya Azzam, bila ya wale! Liwa yetu imefanya kazi."

Haroub alitoka mlangoni, karatasi mkononi. Alimtazama Mmanga. Mmanga alitazama kahawa yake.

"Nilisema mie!" Pandu alisimama, mkononi kashika bakuli lililofunikwa. "Mke wangu kasaga usiku kucha. Nakwenda skuli sasa hivi. Chumba kizima, kompyuta zote, leo nazifungua nazipaka."

Akashika njia. Haroub akaiona skuli, akamwona na binti yake Asma, mwanafunzi wa pale, ambaye jioni humwonesha baba yake jinsi alivyochora nyumba kwa kompyuta.

"Mwenyekiti," alisema polepole, "mwambie."

"Nimwambie nini?" aliuliza Mmanga.

Pandu alikuwa ameshafika kwenye kona.

"Pandu! Rudi! Haikuwa liwa! Nilikwenda kwa Azzam!"

Njia nzima ilisikia. Pandu akarudi na bakuli lake, uso umemshuka. Safari akaweka birika chini.

"Ulikwenda kwao?" aliuliza Pandu. "Na ulimkuta nani huko?"

Kikombe cha Mmanga kilisimama karibu na mdomo.

"Nilimkuta Azzam," alisema Haroub.

Mmanga akanywa, akapangusa midomo, akainuka kwa heshima zote za cheo chake. "Kwa mujibu wa azimio letu, anayekwenda kwa wale si mwenzetu. Haroub, kuanzia sasa umefukuzwa barza. Ondoka."

"Niondoke niende wapi?" aliuliza Haroub. "Duka langu, ukuta wangu. Na benchi nimelichongesha mie."

Hilo halikuwa na kifungu. Mmanga alifikiri, wenzake wakimngoja.

"Basi," alisema, "barza inalisusia benchi."

Akapiga hatua moja mbele, akatoka kivulini, akasimama juani. Pandu akaenda kusimama ubavuni pake. Safari akawamiminia kahawa, na soga la mkurugenzi likaendelea pale pale, wima, jasho likiwatiririka. Haroub akarudi ndani kumalizia mitihani.