Msifurahie Nyimbo za Mji wa Vibali

Ilomba, Mbeya
Jumatatu

Kwako Baba Mdogo Saulo,
MC wa harusi na mwenye spika,
Tosamaganga, Iringa.

Shikamoo Baba Mdogo.

Kabla sijalalamika, naomba nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Yule msanii wa Iyunga aliyetengeneza nyimbo unazopiga kwenye harusi hayupo. Ni mimi. Siku nilipomtumia Yudith nyimbo hizo niliona aibu, nikamwandikia kwamba nimezipata kwa msanii mmoja wa Iyunga. Yudith akakupa wewe kwa kuwa ni baba yake, na wewe ukazisambaza Iringa nzima.

Nyimbo ni saba. Nilizitengeneza kwa simu baada ya mtihani wa kidato cha nne, kutokana na riwaya niliyoazimwa na mwalimu wa fasihi, ambayo imeng'oka jalada na kurasa za mwanzo. Inahusu mji wa siku zijazo ambako mtu haruhusiwi kucheka bila kibali chenye mhuri, na Kipaza Sauti Kikuu ndicho kinachotawala. Ngoma mnazozisikia ni mashine ya kusaga ya hapa jirani, nimeipunguza mwendo. Nilikusudia msikilizaji aogope, akae kimya, aifikirie dunia inakoelekea. Badala yake yametokea haya:

1. Wimbo wa kwanza ni "Ukaguzi wa Alfajiri". Wakaguzi wanaingia nyumba hadi nyumba kutafuta waliotabasamu usingizini. Nimeona kwenye video kwamba wewe umeufanya wimbo wa kamati kuingilia ukumbini. Shangazi Esnath, ambaye goti lilimzuia kuja kwenye mahafali yangu, ndiye aliyeongoza mstari, akizungusha leso. Wakaguzi hawana leso, Baba Mdogo. Nimerudia kitabu chote kuhakikisha.

2. Wimbo wa nne ni kilio cha mwanamke ambaye kibali chake kimekwisha muda naye bado anacheka. Ile sauti inayolia ni yangu. Niliingiza kichwa kwenye ndoo siku tatu mfululizo mpaka mama akauliza kama naumwa meno. Ninyi mmeuweka kwenye kukata keki. Nimekusikia kwa masikio yangu ukisema kwenye maiki, "Mlishe taratibu bwana harusi, muziki wenyewe ni wa mahaba." Yule mwanamke alikuwa anapelekwa gerezani.

3. Kwaya ya Yudith imeutilia maneno wimbo wa sita, ambao ni wa Kipaza Sauti Kikuu chenyewe. Sasa wanauimba kushukuru kwa mavuno ya mahindi. Yudith ameniandikia, "Ungeona watu walivyobarikiwa, wazee wameomba urudiwe." Sitaki kubishana na baraka, ila kile kipaza sauti ni kiovu sana. Ukurasa wa mia na tisini kinawanyima watu chakula.

4. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Umetangaza kwamba kwenye send-off ya dada Sabina, Jumamosi ya wiki ijayo hapa Ilomba, msanii wa Iyunga atakaa kwenye kiti cha mbele na kuvishwa kitenge na kamati. Kwa kuwa hayupo, nilidhani hatapatikana. Amepatikana. Anaitwa Jofrey, anatengeneza simu pale Iyunga. Aliwahi kubadilisha kioo cha simu yangu, na nadhani ndipo alipozisikia. Kamati ilipomuuliza kama nyimbo ni zake, alisema, "Nitakataaje kazi ya mikono yangu?" Mama amempenda. Jana aliniambia mbele ya wageni, "Unaona vijana wenzako? Nenda hata Jumanne na Alhamisi akufundishe, kuliko kushinda umeinamia simu." Nikajibu, "Sawa mama," kwa sababu wageni walikuwa wananitazama. Kwa hiyo kesho naenda kufundishwa nyimbo zangu.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima nyimbo zote saba zisipigwe tena kwenye shughuli yoyote ya furaha. Ikishindikana, basi zipigwe kwa utaratibu. Anayetaka kucheza ajaze fomu, ambayo nimekwisha kuiandaa. Kamati iingie ikitazama sakafu. Vigelegele viombewe ruhusa siku saba kabla. Mlangoni wakae watu wawili wasiocheka. Nampendekeza mjomba Lutengano, na mwingine tutamtafuta. Kabla ya chakula usome muhtasari wa riwaya, ambao nimejitahidi usizidi kurasa kumi na nne. Atakayetabasamu wakati wa kusoma aandikwe jina.

Naamini utaona kwamba siombi makubwa.

Wasalimie Mama Mdogo, Yudith na kwaya yake, na Shangazi Esnath pamoja na goti lake. Mama anakusalimu, anasema ugonile, na anauliza kama mtakuja Ijumaa au Jumamosi yenyewe.

Ni mimi mwanao mwenye masikitiko,
Alinanuswe

N.B. Ndani ya bahasha kuna flashi. Ina wimbo wa nane, wa dada Sabina kuingilia ukumbini. Haumo kwenye riwaya. Nimeutunga mwenyewe kwa sababu kitabu kinaisha vibaya, na Sabina hawezi kuingia na kitu kinachoisha vibaya. Nimeujaribu jikoni nikipika, ugali ukaungua. Fungulia spika zote, na usimzuie mtu kucheza. Dakika ya tatu muziki unakatika ghafla kwa sekunde kumi. Usidhani flashi imeharibika. Nimeacha nafasi hiyo ili utaje jina la aliyeutengeneza, na ningependa ulitaje langu, kwa sauti. Nitakuwa nyuma kwenye sufuria, nikisikia nitatoka. Jofrey mwache tu akae, ale. Ila mpaka sekunde hizo zifike, nakuomba Baba Mdogo usimwambie mtu yeyote, hata Yudith.