Miezi Kumi na Minne ya Kulinganisha Vifaa Vitatu

Mwalimu Mstaafu Nsajigwa,
Masoko, Rungwe.

Kwa Ndugu Godwin, Mwenyekiti,
Kamati ya Kulinganisha Vifaa vya Kusomea Vitabu,
Klabu ya Wasomaji, Makandana.

YAH: PONGEZI ZENYE MALALAMIKO NDANI YAKE

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia nikiwa mzima kabisa, isipokuwa subira yangu, ambayo imelazwa.

Utakumbuka kwamba mwanafunzi wangu wa zamani, Gift, alituletea vifaa vitatu vya kielektroniki vya kusomea, vya aina tofauti, kila kimoja kikiwa na vitabu mia mbili ndani yake. Aliandika hivi: "Mwalimu, jaribuni, chagueni aina moja, niwaletee kumi na viwili." Sisi wanaklabu tusioona mbali tulidhani hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Wewe, kwa hekima yako, uliunda kamati. Leo ni miezi kumi na minne. Kwa heshima zote naomba nitaje yanayonisumbua.

1. Jaribio la mvua. Mjumbe wako Jairo alikiweka Kifaa Namba Moja juu ya paa la banda la nguruwe kwa siku tatu, ili kupima kama kinastahimili hali ya hewa ya Tukuyu. Tunamshukuru. Sasa tunajua kwamba hakistahimili. Nilichoshindwa kukipata katika ripoti yake ya kurasa tisa ni jina la mtu yeyote, Rungwe nzima, anayesomea vitabu juu ya banda la nguruwe.

2. Jaribio la chaji. Karatasi ya Kifaa Namba Mbili inasema chaji yake hukaa wiki nyingi. Mjumbe Beatrice hakuamini. Kwa hiyo kifaa kimefungiwa kabatini, na ni marufuku kukisoma, maana kukisoma kutaharibu hesabu. Kila Jumamosi kabati linafunguliwa, wajumbe wanachungulia, wanaona bado kinawaka, wanapiga makofi, kabati linafungwa. Chaji ikikaribia kuisha, Beatrice anakichaji ili jaribio lisikatike.

3. Jaribio la jua. Limeahirishwa mara nne kwa sababu ya ukungu. Sina la kuongeza.

4. Mama Sekela. Hapa, Mwenyekiti, naomba uketi.

Mama Sekela wa Mpuguso ni muuguzi mstaafu mwenye miaka sabini na sita. Macho yake hayashiki tena herufi za kitabu cha kawaida, lakini hajakosa Jumamosi hata moja. Mwezi wa tatu wewe mwenyewe ulimruhusu ashike Kifaa Namba Tatu. Katibu wako Prisca akamwonyesha namna ya kukuza herufi. Mama akakuza, akakuza tena, mpaka ukurasa mzima ukabaki na maneno manne. Akayasoma kwa sauti: "Mwanamke akafungua mlango taratibu." Akacheka, akajifuta macho kwa khanga, akasema, "Ndaga fijo, asanteni sana. Tangu mwaka juzi sijasoma kitu mwenyewe."

Ndipo wewe, kwa adabu kubwa sana, ukakichukua kifaa mikononi mwake ukamwambia, "Mama, hujajaza fomu ya mtumiaji wa majaribio."

Akaomba fomu. Akapewa. Mwenyekiti, nimesahihisha mitihani miaka thelathini na miwili, na sijawahi kuona herufi ndogo kama zile.

5. Nasikia sasa mnapendekeza kamati ndogo ya kulinganisha njia za kulinganisha. Nawaomba pia muunde nyingine ya kuisimamia hiyo, na moja ya dharura, iwapo kwa bahati mbaya mtu atasoma kitabu.

Basi, nadai aina moja ichaguliwe Jumamosi hii kabla ya chai. Ikishindikana, nitapendekeza klabu ibadilishwe jina iitwe Klabu ya Wanaokaribia Kusoma.

Nisalimie mkeo, pia Katibu Prisca, wajumbe wote, na mwenye ufunguo wa kabati.

Wako katika kungoja,
Nsajigwa

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, nilikwenda Mpuguso kumsomea Mama Sekela barua hii, nikitaraji naye atatia saini. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akakataa. "Mwalimu," alisema, "wakishachagua, kila mtu atabeba chake aende kwake. Mimi hapa nyumbani naongea na kuku. Jumamosi ndiyo nasikia watu. Jairo na Beatrice wakianza kubishana, wiki yangu imenyooka. Waache walinganishe."

Nikamuuliza, na kusoma je?

"Wanipe hicho cha tatu nisome pale pale wakati wao wanabishana."

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba barua hii ihesabiwe kuwa haikuandikwa. Kamati iendelee na kazi yake, bila haraka yoyote, na imteue Mama Sekela kuwa mpimaji wa ukubwa wa herufi, kila Jumamosi, kuanzia mwanzo wa kikao hadi mwisho. Mimi nimekwisha kumwandikia Gift kwamba vifaa vitatu havitoshi, atuongezee aina ya nne.