Devota Lazima Aongoze Mahafali

Jumatatu, 8 Septemba
Devota wangu huyo! Mwalimu Gerson wa Kiingereza anatafuta wanafunzi wawili wa kidato cha tatu waongoze mahafali ya kidato cha nne. Atawachagua Jumatano, darasani, mbele ya wazazi. Mwalimu huyu hajazi ubao kama walimu wetu wa zamani. Anawapanga wawiliwawili, mmoja muuzaji, mwingine mteja, kila mmoja na karatasi yake, hamwonyeshi mwenzake. Lazima waulizane. Mimi niliishia la saba, sijui mtoto huyu akili kazitoa wapi. Kazitoa kwangu.

Tatizo: kapangwa na Hana, binti wa jirani yangu Evelina. Kiingereza, binti huyo anakinywa kama maji. Atammeza mwanangu.

Jumanne, 9 Septemba
Nimemwita Hana nyuma ya nyumba, nikampa bakuli la zabibu. Mtoto ana adabu, shikamoo mpaka magoti yakagusa vumbi. Nikamwambia kesho amwachie mwenzake aongee, yeye atikise kichwa tu. Akauliza, kwa kila swali, mama? Nikasema kila swali. Mambo safi!

Jumatano, 10 Septemba
Nilikaa mbele kabisa, kitenge kipya. Devota akauliza nyanya bei gani. Nadhani ndicho alichouliza. Hana akatikisa kichwa. Akauliza zimetoka wapi. Kichwa. Akauliza zimebaki ngapi. Kichwa! Darasa likaangua kicheko. Devota akatazama karatasi, akatazama dari. Jamani, mwanangu!

Mwalimu akasema mazungumzo ni ya watu wawili na alama wanagawana. Hawa hawana cha kugawana. Evelina akasimama: binti yake hanyamazi hata akiwa na mafua, leo kalogwa? Hana akajibu mbele za watu kwamba ni Mama Devota kasema. Na zabibu akazitaja! Nani alimuuliza habari za zabibu?

Alhamisi, 11 Septemba
Devota hanisemeshi. Evelina anapita uani kwangu akiimba. Kumbe wasichana wamekwenda wenyewe kumwomba mwalimu warudie. Kakubali, sharti nisionekane shuleni. Mimi, niliyemzaa!

Ijumaa, 12 Septemba
Wamechaguliwa! Wote wawili! Nasimuliwa Hana alipandisha bei, Devota akaishusha, wakabishana kama wako sokoni kweli, darasa likapiga makofi. Nilijua. Wangefanya vizuri Jumatano, mwalimu angewakumbuka hivi? Sijisifu, nasema tu. Devota kanikumbatia, kaniomba kitu kimoja: mama, usinisaidie tena. Furaha imemchanganya, masikini.

Sasa nasikia mgeni rasmi naye atahutubia. Nusu saa! Watu watachoka kabla mwanangu hajashika kipaza sauti vizuri. Bahati nzuri mgeni mwenyewe anaishi hapahapa Ihumwa. Kesho asubuhi naenda kumwona, tuelewane. Siendi mikono mitupu.