Maji, Mafuta na Kiwanda cha Losheni cha Buhongwa

(Hotuba ya Mheshimiwa Ndalahwa Machibya, Mkurugenzi wa Mradi, uwanjani Mkuyuni, Mwanza, 1996.)

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano huu, Ndugu Makamu wake, Ndugu Kaimu wa Makamu ambaye naambiwa yuko njiani, waheshimiwa mapadre na wachungaji, wazee wangu, shikamooni (Marahaba!), akina mama wa kikundi cha Buhongwa mliotoa shamba lenu la mihogo ili kijengwe kiwanda, na ninyi wengine wote ambao itifaki imewazingatia hata kama mmekaa juani. (Makofi machache.)

Katika zama hizi za soko huria, ubinafsishaji na upembuzi yakinifu, mkoa wetu una maji ya ziwa na una mafuta ya mbegu za pamba, ila vitu hivi viwili havisikilizani kabisa, na ndiyo maana mimi binafsi, baada ya semina nzito huko Ulaya, nimewaletea tekinolojia ya polima pandikizi, yaani molekuli ndefu kama shina, iliyopandikizwa matawi, ambapo shina hung'ang'ania tone la mafuta na matawi hujitandaza majini kuzuia matone yasiungane, na hapo tunapata losheni laini itakayong'arisha ngozi zetu kwa asilimia mia moja na kumi! (Miguno.) Tazameni chupa hii! (Anaitikisa kwa nguvu. Mafuta yanapanda juu.)

"Mbona yameachana, baba?" anauliza Mama Kokugonza, mwenyekiti wa kikundi.

Hayajaachana, mama, yamepumzika. Polima yenyewe bado iko bandarini. (Kicheko.)

"Na kiwanda je? Mihogo yetu mliing'oa haijakomaa. Mpaka leo tunanunua unga!"

Swali zuri sana, litaundiwa kamati. Ila kiwanda kipo! Mafundi wameshaezeka, vyumba vya kulala vina feni, sebule imepakwa rangi...

"Kiwanda kina sebule?"

Sebule ya mitambo, mama. (Zogo. Mama Kokugonza anajifunga kanga kiunoni, anainuka. Wenzake wote wanainuka.) Akina mama, kaeni, soda zinakuja! (Wanatoka, wanashika barabara ya Shinyanga.)

Polima oyee! (Kimya.) Losheni oyee! (Mwenyekiti wa mkutano, peke yake: Oyee.) Basi nawashukuru nyote kwa usikivu, na kwa namna ya pekee nawashukuru akina mama wanaoelekea kiwandani, ambao nawaomba wapige hodi kistaarabu, maana mke wangu kahamia jana tu, bado anatundika mapazia.