Jino la Siku ya Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Slaidi arobaini na moja za taya za vijusi vya panya, nimezikata mwenyewe, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na moja imekubali. Jino la siku ya kumi na nne, bado changa, umbo la kofia. Jeni tulishaiona: agizo linatolewa kwenye tabaka la nje la jino. Lakini protini, yaani mzigo wenyewe, niliyoitia rangi ya kung'aa, imejaa kijani kwenye nyama ya jirani. Inatengenezwa kwao, inakwenda kukaa kwa watu! Profesa kasema nipige picha upesi, anaitaka Ijumaa kwenye mkutano. Kisha akaondoka. Hakuna aliyesema hongera.

Hadubini yetu ina viti viwili, ili watu wawili watazame kitu kimoja. Miaka miwili sasa kiti cha pili nawekea koti. Nimepata mpango. Bi Figo, yule dada wa maabara ya figo, ana zamu ya hadubini Jumatano saa kumi. Nikichukua zamu ya saa tisa, atanikuta na jino linawaka. Atauliza. Nitamwambia karibu ukae. Ni kwa ajili ya sayansi tu.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Saa tisa imeshachukuliwa na Bwana Ini, wa maabara ya ini, anayemchekesha Bi Figo koridoni kila siku kwa vichekesho vilivyochuja. Nikamwomba anipishe. Akakubali, ila nimwoshee vyombo vyake vya maabara. Nimeosha chupa sitini na mbili. Hakuuliza hata zamu naitakia nini. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri kabisa, umekwenda bure.

Nikafanya mazoezi mbele ya kioo cha msalani: "Ah, hujambo, sikukusikia ukiingia." Mfagizi alikuwa nyuma yangu. Akasema hajambo, na watoto hawajambo. Tumeongea dakika nne. Ndiyo mazungumzo yangu marefu kuliko yote wiki hii, ukiondoa yale ya simu na mama, ambayo huongea yeye.

Jumatano, 5 Machi

Saa tisa kamili niko kitini. Koti nimeliondoa. Jino linawaka. Nilipaswa kupiga picha kwanza, najua, sihitaji kufundishwa. Lakini nikishapiga atanikuta nafungasha, na mtu anayefungasha haulizwi kitu. Nitapiga akiwa pembeni yangu. Nikaongeza taa mpaka mwisho, nikashika kidevu kisomi.

Saa kumi. Hajafika. Subira huvuta heri. Saa kumi na robo nikasikia kicheko chake koridoni, na cha Bwana Ini. Sikuzima taa. Je, angeingia akakuta giza? Saa kumi na nusu akaingia. Maneno yote yakanitoka kichwani, nikasema "karibu" mara tatu. Akakaa! Kiti cha pili! Akatazama kwa muda mrefu. Kisha, kwa upole: "Kaka, mbona naona giza tu?"

Nikatazama. Giza.

Mwanagenzi yeyote anajua taa ile hula rangi. Ukiimulika sana inafifia, na hairudi. Somo hilo nalifundisha mimi, kila mwaka, kwa mchoro. Akauliza taa imewaka tangu saa ngapi. Nikasema dakika tano. Akanipa pole, akaomba nimpishe, muda wake unakwisha. Nimefika nyumbani nikajilaza na viatu. Nilitaka kulia, lakini hapakuwa na mtu wa kuniuliza nalia nini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekagua slaidi arobaini zilizobaki. Mabaka matupu. Nikamwambia Profesa kwamba taa ni mbovu. Akamuuliza Bi Figo, aliyeitumia baada yangu. Taa nzima kabisa, akasema. Njia ya mwongo ni fupi! Profesa hakufoka, afadhali angefoka. Kesho ataonyesha jeni tu, na mahali pa protini pataandikwa "bado". Tunaanza upya: dume na jike wakutanishwe, tuhesabu siku kumi na nne, tukate tena. Panya wao hukutanishwa tu, hawahangaiki na mipango.

Baadaye Bi Figo akaja mezani kwangu. Nikajua nasutwa. Akasema, kaka, si ungegonga tu mlango wetu? Tungekuja sote kuliona jino lako. Akasema wao hunywa chai chumbani kwao kila siku saa kumi, kesho nije, kikombe kipo. Kila siku! Miaka miwili, hatua kumi na nane kutoka mezani kwangu. Nimezipima.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetafakari. Nikienda kwa kuitwa nitaonekana nina kiu ya watu. Heshima ni kutafutwa. Kwa hiyo saa kumi kasoro dakika tano nimejifungia chumba cha hadubini, na mlangoni nimebandika karatasi: KAZI NYETI, USISUMBUE. Hakuna binadamu anayesoma maneno hayo asitake kujua kilichomo. Atakuja, atabisha.

Saa kumi na dakika ishirini. Nasikia vijiko na vicheko. Mtu akaja hadi mlangoni, akasimama. Nikajua anasoma. Nikashika tena kidevu kisomi. Kisha hatua zikarudi taratibu, na nikamsikia Bi Figo akiwaambia wenzake wapunguze sauti, kaka yuko kazini.

Saa kumi na moja. Kimya. Watu wa jengo hili wana nidhamu kupita kiasi. Jumatatu nitabandika karatasi kubwa zaidi.