Zege, Goti na Siku Kumi na Sita

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Leo Himid katutangazia. Himid ndiye msimamizi wetu hapa Madungu, kwenye jengo la madrasa. Zege la ghorofa litamwagwa Jumamosi ya tarehe 20. Wanawake tuko kumi, anataka sita tu wa kupandisha ndoo. Hao sita wataendelea na kazi mpaka paa. Wanne waliobaki, kwao.
Kasema anataka wenye nguvu. Akanitazama miye. Nilikuwa najipepea na karatasi la saruji, jasho linachuruzika mpaka kwenye kisigino. Joto hilo hunipanda ghafla, mara nne kwa siku. Nna miaka hamsini na moja na hedhi imekatika mwaka wa pili sasa. Hajui mtu. Mume wangu kafa hajui.
Kazi hii siiachi. Sina mwengine wa kunilisha.

Jumanne, 2 Septemba
Daftari hili kanipa nesi Asya wa kituo cha afya. Kawapa wanawake wote waliopita umri. Tuandike mazoezi na mwili unavyojisikia. Kasema hedhi ikikatika mifupa hupungua nguvu na nyama za mwili huyeyuka. Dawa yake mazoezi ya kutoa jasho na kunyanyua vizito. Yanafaa mifupa, moyo, hata usingizi. Joto hakuahidi kuwa litaondoka.
Nikamuuliza kubeba zege kutwa si mazoezi? Kasema ni kazi, mwili ushaizoea. Akasema mengi tena, ya kuanza pole pole na kupumzika. Hapo nilikuwa nshaanza kupanga.
Thuraiya alikaa mbele kabisa. Tunabeba naye ndoo. Babu yake alikuwa na shamba la mikarafuu huoni mwisho wake, leo mjukuu ana ndoo moja kama miye. Ana miaka hamsini na saba. Kanyanyua mkono mbele za watu, kasema yeye hedhi ilimkatika zamani, na kila alfajiri anakimbia na kikundi cha mazoezi. Kavaa na raba chini ya baibui. Hana haya!

Jumatano, 3 Septemba
Nimepata hila. Tamu!
Adhuhuri wanawake wote husali nyuma ya matofali. Leo wametandika mikeka, miye nimekaa kitako. Thuraiya kaniita nijipange safuni. Nikasema kwa sauti, Himid asikie, kuwa leo sisali. Kila mtu kaelewa, mwenye hedhi hasali. Himid katazama juu kama anatafuta ndege.
Basi! Mwanamke anayekwenda mwezini nani atamwita mzee?
Walipomaliza nikajifungia stoo ya saruji nikasali peke yangu. Mungu simdanganyi. Himid tu.

Ijumaa, 5 Septemba
Mazoezi yameanza. Nesi kasema mara tatu kwa wiki. Thuraiya ana mwezi wa sita anakimbia, nikifuata tatu sitamfika. Nafanya kila siku, asubuhi na jioni. Napanda kilima na ndoo ya mchanga. Kisha kuchuchumaa na kusimama mara mia.
Kisha kuruka kamba. Kamba ya mbuzi. Niliruka mara tatu. Mara ya nne mkojo ukatoka.
Nimebadilisha kanga. Hili nesi simwandikii.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimemwandikia. Yaani nimemwambia. Nesi hakucheka. Kasema wengi wetu jambo hilo linatukuta, na lina zoezi lake. Unabana kule chini kama unazuia mkojo, unahesabu mpaka tano, unaachia.
Nimebana leo kutwa nikipanda na ndoo. Himid kaniuliza kama tumbo linaniuma, maana uso nimeukunja kama nimelamba ndimu. Nikamwambia ni siku zangu. Kakimbia. Hila inafanya kazi!
Thuraiya kaniletea chai ya tangawizi ya kutuliza tumbo. Nimeinywa. Mwanamke yule anajipendekeza.

Jumamosi, 13 Septemba
Goti la kulia linalia kama mlango mbovu. Thuraiya kaniona nachechemea. Kasema, bibi weye, mwili unajengeka ukiwa umepumzika, hata kikundi chao hawakimbii siku zote. Nikamwambia ashughulike na raba zake.
Bila shaka ananiogopa. Leo nimepanda kilima mara nane. Ndoo mbili.

Alhamisi, 18 Septemba
Aibu! Aibu!
Adhuhuri nimekaa kitako kama kawaida. Thuraiya kasimama mbele yangu, anahesabu vidole. Kamaliza vya mkono mmoja, wa pili, kaomba na vya jirani. Kisha kapiga kelele: Mwatima, leo siku ya kumi na sita!
Wanawake wote wamenigeukia. Kila mtoto wa madrasa anajua hedhi mwisho wake siku kumi na tano. Zaidi ya hapo si hedhi, ni ugonjwa. Nimesahau kuikomesha! Miaka miwili sijahesabu siku, nani akumbuke?
Thuraiya kaanza kulia. Kasema dada yake alitoka damu hivi hivi akanyamaza, wakamzika. Kaniburura mpaka kwenye bodaboda, tukapanda sote wawili, yeye kanishika kiuno nisianguke. Njia nzima anasoma dua.
Nesi kanifungia mlango. Uso mkavu. Kasema mwanamke ambaye hedhi imekatika, akiona damu tena hata tone, asikae nayo, aje apimwe. Anataka kunipeleka hospitali leo leo. Kashika na simu.
Ikabidi niseme. Hakuna damu. Hata ya mbu.
Nesi kaniuliza kwa nini. Nikamweleza. Kaniambia nipandishe baibui nimuonyeshe goti. Limevimba kama shelisheli. Kauliza nafanya mara ngapi. Nikasema mara kumi na nne kwa wiki. Kashika kichwa. Kasema mazoezi yananifaa, ila kichwa changu ndicho kinachonidhuru. Wiki mbili nisibebe hata sufuria.
Thuraiya alikuwa mlangoni. Kasikia yote. Kanilipia bodaboda ya kurudi. Nilitaka anitukane, ningejisikia vizuri zaidi.

Ijumaa, 19 Septemba
Himid kasoma majina. La kwanza Thuraiya. Mpaka la sita, langu halimo.
Nimemfuata. Nimemwambia mwanangu Himid, unanifukuza kwa uzee, na Thuraiya ananipita miaka sita! Kashangaa. Kasema Bi Mwatima, miye nimekuuliza miaka lini? Yeye anaangalia nani anapanda ngazi bila kukaa njiani. Mwanzo wa mwezi jina langu lilikuwa la pili. Kanionyesha karatasi. Limekatwa kwa kalamu nyekundu wiki hii, kwa ajili ya goti.
Nimerudi nyumbani na fimbo.

Jumamosi, 20 Septemba
Nimekwenda kuwatazama. Thuraiya anapanda na ndoo kama mbuzi. Nimemuombea ateleze. Kidogo tu. Hakuteleza.

Jumapili, 5 Oktoba
Goti limepona. Na kazi nimepata!
Kiuyu wanajenga skuli. Thuraiya kaniombea kwa msimamizi wa huko, Mbarouk. Kamwambia Mwatima ni mbebaji hodari kuliko yeye. Thuraiya naye kesho Jumatatu anahamia huko, kwa Himid zege limekwisha na paa wanasubiri mbao. Kaja mwenyewe kunipa habari. Kanikumbatia. Kasema shoga, safari hii kweli tupu. Nikaapa.
Saa moja baadaye Mbarouk kanipigia simu. Kauliza tu kama najuana na Thuraiya, maana anataka kutupanga zamu moja. Hakuuliza miaka. Lakini sauti yake ilikuwa ya kijana, na miye nikaingiwa na khofu.
Nikamwambia Thuraiya ni mama yangu mzazi.
Kafurahi sana. Kasema kesho atatusubiri getini awasalimie mama na mwana.
Gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nna usiku mmoja wa kumzoesha Thuraiya kuniita mwanangu.